Bei ya Shemegi Suud

Shemegi yangu Suud aliijua Sangli kuliko waliozaliwa Sangli, na hakuwahi kuikanyaga. Hata Bombay hakufika. Unguja alikuwa karani wa karafuu. Mwaka sitini na nne tukakimbilia Maskati, yeye, dada yangu Mahbuba na mimi, akapata kibarua cha kubeba magunia kwenye duka la Mzee Bakhit, sokoni Matrah. Magunia ya manjano yalitoka Bara Hindi, ubavuni yamepigwa chapa ya jina la mji wa Sangli, na jina likamganda kichwani. Habari nyingine alizidaka kwa Mabaniani wa sokoni.

"Kule manjano huwekwa mashimoni, chini ya ardhi," alitwambia kwenye kahawa. "Wakiyafukua, mji mzima unapiga chafya."

"Na wewe ulipiga ngapi, shemegi?" nilimuuliza.

Mwaka sitini na saba Mzee Bakhit akasema anataka mtu wa kumtuma Sangli akanunue manjano, na anayeitaka kazi atamtahini kwanza. Suud akaacha kula. Miaka mitatu alikuwa akibeba magunia, yeye aliyevaa koti Unguja na kuitwa Bwana Suud. Alitaka kuitwa hivyo tena. Nilimtania, lakini roho iliniuma.

Tatizo lilikuwa mdomo wake. Sangli bei haitajwi. Muuzaji na mnunuzi hushikana mikono chini ya kitambaa wakaminyana vidole: kimoja ni moja, mkono mzima ni tano. Mdomo umefungwa, uso mkavu, walio pembeni wasijue kitu. Sasa mwambie Suud anyamaze! Mwezi mzima, kila alasiri, alifanya mazoezi na dada chini ya kanga. Dada alihitimu kwa siku mbili. Suud akiminywa viwili alipiga ukelele, "Viwili? Unanipunja, mke wangu!"

Siku ya mtihani nami nilikuwapo dukani, eti nanunua ndimu kavu. Mzee Bakhit akavua kilemba, akakitandaza juu ya mkono wake na wa Suud, wafanyabiashara wamewazunguka. Mara ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Nikaanza kuomba dua. Ya tatu Mzee akaminya kidole kimoja tu, na Suud akaruka.

"Kimoja? Manjano ya Sangli kwa kimoja? Huoni haya, Mzee!"

Duka zima likacheka, Mzee mwenyewe akifuta machozi. Safari akapewa Ghanim, mtu ambaye hata salamu huitikia kwa kichwa.

Tulirudi nyumbani. Suud akakaa mkekani.

"Ehe, vipi?" dada akauliza.

 Nilikuwa na utani tayari ulimini, nikaumeza. Suud akaupenyeza mkono chini ya kanga ya dada, akampa ngumi iliyofumbwa. Hakuna bei. Dada aliipapasa, akaelewa. Akaanza kuikunjua, kidole kimoja kimoja, mpaka kanga ikateleza nikaona: dada alikuwa ameviminya vidole vyote vitano vya Suud, kwa nguvu, na haviachii.

"Hii ndiyo bei yako kwangu mie, Bwana Suud," akasema. "Haya, nambie. Huko Sangli wanapiga chafya vipi?"

Suud akasema mpaka adhana ya magharibi, na siku hiyo sikumkatiza.