Wifi Aliniaibisha kwa Nywele, Sasa Anataka Nimtengeneze Zake

Admin, jina langu lifiche vizuri, maana wifi yangu anasoma ukurasa huu kila siku. Nina miaka ishirini na sita, nimeolewa, naishi Nyakasanza hapa Bunia.

Siku ya dot yangu, yaani siku familia ya mume ilipoleta mahari kwetu, wifi huyo, dada wa mume wangu, alijitolea kunitengeneza nywele. Alinipaka defrizan, ile dawa ya kulainisha, halafu akaiosha kabla haijashika. Nikamwambia bado. "Weye nyamaza, miye najua," akanijibu, akanifunika kitambaa. Kwetu bibi arusi hutolewa amefunikwa, wakwe ndio wanamfunua. Waliponifunua, nywele za mbele zimelala, za nyuma zimesimama wima. Wamama wakacheka. Yeye akasema kwa sauti, "Si kosa yangu, kichwa ya uyu haisikiaka dawa!" Tangu siku hiyo kwa wakwe naitwa Nusu-nusu. Hata mama mkwe ananiita hivyo mbele ya watoto wangu. Mniamini, nililia mpaka kope bandia zikadondoka.

Sikurudia dawa upesi, kwa sababu nywele zilizotoka kwenye dawa zikipakwa tena mapema hukatika. Niliziacha zipumzike wiki nyingi, nikiziosha polepole na kuzitia mafuta. Halafu nikapaka vazelini kwenye ngozi ya kichwa na kwenye sehemu zilizokwisha kulala, defrizan nikaitia pale palipobaki pagumu tu, nikaosha kwa ile shampoo ya kuzima dawa. Leo nywele zangu wanazitamani wote.

Sasa Jumamosi ni dot ya wifi. Jana alijipaka mwenyewe, ikamwasha, akaosha mbio. Leo amekuja kwangu amevaa kofia ya baridi, na jua lote hili. Akaivua. Nusu-nusu, kama mimi kabisa!

"Mulamu, unisaidie," akasema, maana huku wifi tunamwita mulamu. "Kesho asubui unipake tena kichwa yote, uiache ikawie. Kwa saluni batanicheka."

Nikamuuliza mbona yangu aliiosha mapema. Akacheka. "Aa, ile nilikuwa nakuchezea tu. Ulikuwa unajionaka sana."

Alikuwa ananichezea! Roho ilinichemka, lakini nilitabasamu nikamwambia aje.

Najua cha kufanya: kumkatalia dawa, kumsuka mistari, kumvalisha peruki siku hiyo, sehemu ngumu zingoje. Lakini naweza pia kutii tu. Kichwa chote, ikawie, kama alivyoagiza kwa kinywa chake. Jumamosi wakwe wake wakivuta kitambaa, waondoke nacho na nywele. Nami nitakuwa nimekaa mbele kabisa, hata kitenge nimeshachagua.

Wa kuniambia nisamehe, waanze kwanza kuniita kwa jina langu. Wifi anafika asubuhi na kopo lake la defrizan. Nishaurini ndugu zangu, nimpake alivyoomba, au nimwambie ukweli kwamba zitakatika?