Almasi Chini ya Jiwe la Kijani

Fidélie hakuwa mwanamke wa mapambo. Tangu aolewe masikio yake yalikaa matupu, na matundu aliyotobolewa utotoni kwao Kapolowe yalikuwa yanataka kuziba. Aliuza samaki wakavu katika soko la Likasi, na mwuza samaki anayejipamba, alikuwa akisema, huwafanya wateja wadhani anawapunja. Kwa hiyo siku alipoonekana amekaa kwenye kibanda cha Octave sonara, anaongea habari za hereni, wenzake sokoni walitazamana na kucheka. Mume yuko kitandani anakohoa damu, mke anatafuta urembo! Watu wana midomo. Hawakujua alichokuwa amekifunga kwenye ncha ya kitenge chake.

Alikuwa amefunga almasi mbili, kila moja sawa na punje ya mahindi. Mumewe Déogratias alizichimba ujanani kule Mbuji-Mayi, kabla hajarudi kwao Likasi kutafuta kazi kiwandani. Zilikuwa hazijachongwa, ungeziokota njiani ungedhani ni chumvi ya mawe. Aliziweka ndani ya upindo wa suruali, na kila suruali ilipochakaa alizihamishia kwenye nyingine, na Fidélie alizifua suruali hizo miaka yote bila kujua anasugua nini. Siku alipoambiwa, jambo la kwanza lilikuwa hasira. Alikumbuka siku ambazo wao na binti yao Shekina walilala na chai tupu, na utajiri umening'inia kwenye kamba ya kuanikia nguo.

"Tuuzishe," alisema hasira zilipopoa. "Tukulipie hôpital ya muzuri, kule Lubumbashi."

"Docteur alikuambia nini?" Déogratias alimjibu. "Alisema mapafu imekwisha. Unataka miye nikufe, na mawe nayo ikufe? Wacha, mama Shekina. Hii ni ya weye na mutoto."

Kisha akamweleza lililokuwa likimnyima usingizi. Nyumba waliyokaa ilikuwa ya baba yake, na katika ukoo wao mtu akifa, ndugu hawaachi kitu. Alilijua hilo vizuri, kwa sababu kaka yake mmoja alipofariki ni yeye, Déogratias mwenyewe, aliyelibeba kabati la mjane na kulipakia kwenye lori. Mjane alikuwa amekaa chini, anamtazama. Hakuusahau uso ule.

"Batakuya na camion," alisema. "Batabeba kitanda, batabeba friji, batachimba mpaka chini ya kitanda. Mwili yako tu njo habatagusa. Nenda kwa Octave, akutengenezee bintu ya masikio. Utalala nayo, utaamuka nayo. Kilio ikiisha, utaenda Lubumbashi, utauzisha polepole, Shekina atamaliza masomo."

Ndiyo hiyo ilikuwa mipango yao, na hawakuwa na mingine. Shekina alikuwa mwanafunzi hodari, alitaka kuwa muuguzi, na Fidélie alijua biashara yake ya samaki haiwezi kulipa nyumba ya kupanga na shule kwa pamoja. Mawe hayo mawili yalikuwa maisha ya binti yake. Basi akapiga moyo konde, akaenda kwa sonara.

Octave alipoyafungua yale mawe katika kiganja chake aliyasogeza karibu na jicho, akayageuza. Maisha yake yote alikuwa akikata malakiti, lile jiwe la kijani linalotoka pamoja na shaba, akitengeneza mayai na mamba wadogo kwa ajili ya wageni, na hereni ambazo kila msichana wa Likasi anazo. Akachukua penseli na kipande cha katoni, akachora: kucha nne za fedha, jiwe limekaa juu kabisa, mwanga ukipita pande zote. Alichora kwa furaha, ulimi ukimtoka pembeni ya mdomo.

"Hapana," Fidélie alisema. "Sitaki muntu aone."

"Aone nini?"

"Aone kitu. Uifiche."

Octave aliweka penseli chini. "Miaka yote nachonga malachite. Leo Mungu ananiletea diama, na weye unaniambia niizike?"

"Izike, tata Octave. Nakuomba."

Alinuna, tena alinuna kweli, kama mtu aliyenyang'anywa chakula mdomoni. Lakini alikuwa na moyo mwema, na kazi ikianza kumwingia mtu mikononi huwa inasahaulisha. Walibuni pamoja. Kikombe kidogo cha shaba. Ndani yake zile kucha nne, kwa sababu Octave alikataa katakata kuliacha jiwe licheze kama njugu. Na juu yake kifuniko chembamba cha malakiti, kilichogandishwa kwa gundi. Shina la kupenya sikioni likawa la fedha, maana shaba ingemtoa usaha, na nyuma kifungo cha kusokota ili zisidondoke usingizini. Siku ya kufungua, Fidélie angepasha moto sindano na kuipitisha pembeni, gundi ingelainika na kifuniko kingetoka.

Hata hapo Fidélie hakuridhika. Alisema zinapendeza mno. Alimwomba Octave aikwaruze shaba, na kile kifuniko akiweke kimepinda kidogo, kama kazi ya mwanafunzi. Octave alifanya hivyo huku akisonya. Kwa mtu kama yeye kupindisha kitu kwa makusudi ilikuwa adhabu.

Kabla ya kutia gundi, Octave alizileta nyumbani kwao zikiwa wazi, kwa kuwa Déogratias aliomba azione mara moja tu. Fidélie alizivaa, akakaa karibu na dirisha, mchana, jua likimpiga shavuni. Almasi zile zilikuwa na sura zao za asili, lakini zilishika mwanga kidogo, na alipogeuza shingo zilimetameta.

"Aa! Weye njo muke ya ministre," mgonjwa alisema.

"Ministre ya samaki," Fidélie alijibu, na wote watatu wakacheka mpaka kikohozi kikamkamata Déogratias, kicheko kikaishia hapo. Octave akafunika mawe, gundi ikakauka.

Déogratias alifariki mwishoni mwa kiangazi. Kaka yake mkubwa Ambroise alikuja na lori, kama ilivyotabiriwa. Walibeba kitanda na friji, walibeba cherehani na sufuria, na kweli walichimba chini ya kitanda. Fidélie alilia kwa ajili ya mumewe, machozi ya kweli, lakini ndani yake kulikuwa na kitu kigumu kilichosema: bebeni, bebeni tu. Masikioni alikuwa na hereni zake mbaya, na hakuna aliyezitupia jicho.

Kisha wanawake wa ukoo wakamwingiza chumba cha nyuma, wakafunga mlango.

Yanayofanyika mjane anapofungiwa hivyo Déogratias hakuwahi kuyaona katika maisha yake, wanaume hawaingii. Fidélie naye hakuyajua, kwa maana kwao Kapolowe mama yake alipofiwa alibaki na hereni zake mpaka akazikwa nazo. Mle ndani mlikuwa na beseni, mkasi, na shangazi Philomène, mkubwa wa wanawake wote. Alikuwamo pia Viviane, mdogo wake Déogratias, ambaye muda wote wa ugonjwa alikuwa akileta mchuzi na kumwogesha kaka yake bila kinyaa. Walimnyoa Fidélie. Nywele zikaanguka juu ya kitambaa. Wakamvua nguo aliyofiwa nayo.

"Na ya masikio," Philomène alisema.

Fidélie alifunika masikio kwa viganja. "Hii pia?"

"Yote. Mufiwa hachunge kitu ku mwili. Ya or, zahabu ya kweli, tunatunza ku famille. Ya bure, inaenda na nywele ku muto, lufu, kifo ile, iende na maji."

Viviane alizifungua taratibu asimuumize. Philomène alizipokea, akazisogeza kwenye mwanga, akazigeuza.

"Malachite," alisema. "Tena imepinda." Akazitupa kwenye nywele.

Hapo ndipo Fidélie alipokwama. Akisema ni almasi, zinakwenda kwa Ambroise sasa hivi. Akinyamaza, zinakwenda mtoni. Alijaribu njia ya katikati, akamshika Viviane mkono.

"Viviane, ndugu yangu. Umuchungie Shekina hizi. Ni souvenir ya tata yake."

Viviane alinyoosha mkono kweli. Nawaambia, vidole vyake vilikuwa vimeshafika kwenye kitambaa.

"Unataka lufu ikamate mutoto?" Philomène aliuliza.

Viviane alimpenda Shekina kama binti wa kumzaa. Alirudisha mkono, akafunga kitambaa mafundo mawili, na akasema ataupeleka mzigo ule mtoni yeye mwenyewe. Fidélie alibaki amekaa chini na kichwa kipara, akijiambia kwamba labda Viviane atautupa pembeni, kwenye majani, ambapo mtu anaweza kwenda kuokota. Viviane aliporudi alikuwa amelowa mpaka kiunoni.

"Niliingia mpaka kati, dada," alimnong'oneza. "Nilifungua, nikamwaga yote kwenye maji inakimbia. Haitakurudilia."

Fidélie alimshukuru. Ungemjibu nini mtu kama huyo?

Walipomruhusu kutoka, mvua zilikuwa zimeanza na mto umejaa, mwekundu. Alikwenda hata hivyo, akasimama na ungo miongoni mwa watu wanaoosha mawe ya shaba. Walimuuliza anatafuta nini. Alisema hajui. Baada ya siku chache aliacha, akarudi kwenye chumba alichopanga nyuma ya soko, kwa kuwa nyumba nayo ukoo uliichukua. Shekina hakuwa anakwenda shule tena. Alikaa mezani kwa mama yake akifukuza nzi juu ya samaki, na alikuwa hodari kwa hilo pia.

Siku ya kumaliza matanga Viviane alikuja na kitu kidogo kilichofungwa kwenye karatasi.

"Niliona macho yako siku ile," alisema. "Haikuniacha. Kamata. Na bandugu basijue, shangazi atanifokea."

Fidélie alifungua. Kikombe cha shaba, kimekwaruzwa. Kifuniko cha malakiti, kimepinda kidogo. Basi Viviane hakuzitupa! Alilowa bure, alidanganya kwa huruma, akazificha wakati wote huu! Alimkumbatia wifi yake kwa nguvu mpaka yule akacheka na kusema anamvunja mbavu.

Alipoondoka, Fidélie alimwita Shekina, akafunga mlango, akachomeka sindano katika makaa ya mbabula, jiko lake la mkaa. Aliipitisha pembeni, gundi ikalainika, kifuniko kikatoka.

Ndani mlikuwa na kucha nne za fedha, zimesimama vizuri, hazikushika kitu. Alifungua ya pili. Kucha nne.

Alikwenda kwa Octave akiwa amezishika mkononi. Sonara hakumtazama.

"Mama Viviane alikuya," alisema. "Akaniambia: tengeneza sawa ile ya muke ya kaka yangu, ile ya malachite, niliitupa ku muto. Nikaelewa. Ningemwambia nini? Nikatengeneza sawa ile, mpaka ndani."

"Kama tungeacha ionekane..." Fidélie alianza.

"Ingekuwa ku mukono ya Ambroise. Tungemulilia, tungeenda ku tribunal. Leo tutalilia nani, muto?" Alichukua vile vifuniko, akavitia gundi tena, polepole. "Tulifanya kazi ya muzuri sana, mama Shekina."

Jumapili iliyofuata Viviane alipita kuwasalimu. Alimkuta Fidélie amevaa hereni zake, akafurahi sana, akasema zinampendeza.