Kijani cha Romana
Mwaka 1974 Romana wa Majengo, hapa Mpanda, aliamua kupaka sebule yake kijani kibichi, rangi ya mafuta inayong'aa. Mumewe Leodgar, mfanyakazi wa reli, aliagiza makopo Tabora. Majirani tukaingia mmoja mmoja kushangaa, na mimi nilimwambia wazi kwamba macho yananiuma.

"Utazoea," akanijibu. "Nimesiriba kuta kwa udongo miaka kumi kule Usevya. Udongo basi."

Aliilinda rangi ile mpaka ikawa kero. Mtoto akiegemea ukuta, kitambaa kilitoka. Hata mie mwenye mgongo mbovu nilikalishwa kwenye kigoda katikati ya chumba.

Masika yaliyofuata, nyumba ya mama yake Leodgar ikaanguka. Bibi Eufrazia alikuwa amebaki peke yake Usevya, magoti yamekwisha, hata maji ya kunywa anangoja mpita njia amchotee. Romana ndiye aliyeshikilia aletwe Mpanda. Mkwe huyo ndiye aliyemfundisha kusiriba alipoolewa, na alimpenda kama mama aliyemzaa.

Bibi alishushwa kwenye lori, akajikongoja mpaka mlangoni, akachungulia ndani, akasimama.

"Leodgar, mbona mmenileta hospitali?"

"Hapana mama, ni hapa kwetu."

"Baba yako aliingia chumba cha rangi hii kwa miguu yake. Nikamtoa amefunikwa shuka. Mie silali humo. Kesho nyie nirudisheni."

Akalala kwenye banda la jikoni. Asubuhi nilimkuta ameshafunga kifurushi chake, na Romana analia bila kujificha. Akirudi Usevya, nani angempa hata uji? Nilidhani Romana atatafuta chokaa aifunike rangi yote. Yeye akachukua jembe na karai, akatoka, akarudi na udongo mweupe. Akauponda, akautia maji, akamwekea mkwewe miguuni, pale mlangoni.

"Mama, chora kama ulivyokuwa unachora kwako."

Bibi alisita sana. Mwishowe akaingia, akachovya vidole, akaweka kwenye ukuta mistari na vidoti vyake vya siku zote. Kufika saa sita udongo umekauka, unabanduka vipande vipande sakafuni. Rangi ya mafuta haishiki udongo, na kwa haraka yake Romana alikuwa amelisahau hilo.

"Unaona," bibi akasema taratibu. "Hata ukuta umenikataa."

Romana akaingia jikoni, akatoka na kisu. Akaanza kukwangua ile rangi, kutoka mlangoni mpaka dirishani, upana wa viganja viwili. Meno yalinisisimka. Mimi niliyeicheka rangi ile ndiye niliyetaka kumshika mkono.

"Mwanangu, unaiharibu!" bibi akapiga kelele.

"Chora, mama."

Safari hii ukashika. Bibi akakaa akiutazama mpaka jua likageuka, kisha akasema atandikiwe mkeka, ila mbali na dirisha, maana anaogopa baridi.

Aliishi nao miaka mitatu, akafia chumbani humo, mikononi mwa Romana. Juzi kabla ya Pasaka nimemkuta Romana akipaka kijani upya. Alipofika kwenye alama za vidole vya bibi alibana pumzi, akazizunguka kwa ncha ya brashi, moja moja.