Maziwa ya Mti Katika Jicho la Mwanangu

Nilimsingizia mama mkwe wangu, na yeye akafukuzwa kwa kosa langu. Chapeni gazetini hivyo hivyo, ila jina langu msilitaje.

Naishi Temeke na nina mtoto mmoja wa miezi tisa. Nimesoma hadi kidato cha nne, na jioni nafundisha kisomo cha watu wazima. Nyuma ya nyumba yetu kuna mti wa maua ya zambarau; ukivunja jani unatoka maziwa. Niliona mayai ya kipepeo chini ya majani yake, madogo kama chembe za chumvi. Nikayaweka kwenye chupa ya kioo ili wanafunzi wangu waone yai linavyokuwa kiwavi, na kiwavi kuwa kipepeo.

Viwavi walikula hao! Kila asubuhi nikawa navunja majani mapya. Mama mkwe, aliyetoka Newala kunisaidia kulea, akaniambia, "Ukiugusa mti huo nawa, mwanangu. Maziwa yake yanapofusha."

"Mama, hayo ya huko kijijini. Mie nimesoma bayolojia."

"Haya, mwalimu. Ila jicho halijui kidato."

Yeye ndiye aliyekuwa akimpaka mtoto wanja kila akishamwogesha. Siku moja alikwenda kupanga foleni ya unga, nikaamua kumpaka mwenyewe. Nilitoka kuwavunjia viwavi majani, nikajipangusa kwenye khanga, nikachovya kidole katika wanja. Nilianza jicho la kulia. Akalia mno, la kushoto nikaliacha.

Mchana jicho lilikuwa na ukungu mweupe. Nikaziba lile zima, nikapitisha mkono mbele yake. Hakuufuata. Mimi na baba yake tukamkimbiza hospitali.

Hospitali muuguzi akauliza, "Umemtia nini?"

Mume wangu alikuwa amesimama pale. Nikasema, "Wanja wa bibi yake." Na nilijua ni maziwa ya mti, maana vidole vilikuwa bado vinanata. Wakamsafisha, wakatupa dawa, tukarudi.

Siku ya tatu jicho lilizidi kuvimba. Mume wangu akamwambia mama yake afunge mizigo. Mama hakubishana naye. Aliniuliza mimi tu, "Ulinawa?"

Nikainama kumfungia kifurushi chake. Mjinga mimi, na cheti changu.

Alipoondoka hofu ilinishinda. Nilimbeba mtoto hadi hospitali, nikamweleza daktari habari za mti.

"Siku tatu, mama," akasema. "Ulinyamaza kwa nini?"

Viwavi nimewamwaga na mti nimeukata, lakini jicho la kulia linaona mwanga tu. Daktari anasema tungoje, huenda likasafika. Kila nikiliziba la kushoto naogopa nitakachokiona. Mume wangu bado hajui, na gazeti hili hulisoma.

Nyie kina mama wenzangu, msijisikie na vyeti vyenu mkadharau wakubwa. Na ukiulizwa hospitali umemtia mtoto nini, sema kweli hapo hapo, hata kama baba yake amekukodolea macho.