Mtende wa Bibi na Dume la Jirani

Juzi nilikwenda Mambrui kumwangalia mama mdogo, na kabla sijabisha hodi nikauona mtende wa bibi ukichungulia juu ya ukuta. Ulikuwa umetoa makarara, mengine yameshapasuka na maua yake yananing'inia nje. Nilisimama pale kwenye jua la kaskazi, nikayatazama. Nilikuwa nimekuja kusalimia tu.

Sijui kama umepata kukaa nyumba moja na mtende. Wengi wetu tunazijua tende za dukani, zilizobanwa kwenye pakiti, tukafuturia bila kujiuliza zimetokaje. Mtende ni kama mpapai, dume mbali na jike mbali. Jike ndilo lizaalo, ila maua yake peke yake hayafai kitu mpaka yapate unga wa maua ya dume. Nyuki hawana haja sana na maua ya jike, na upepo ni wa kubahatisha. Kwa hiyo watu huuchukua ule unga wakaufikisha kwa mikono yao wenyewe.

Mtende wetu babu aliuleta ukiwa chipukizi kutoka visiwa vya kaskazini, walikotoka wazee wetu. Alileta jike, dume hakulikumbuka. Ukamea, ukatoa maua miaka na miaka bila ya tende moja ya maana. Kisha kwa jirani, kando ya bafu lao la nje, likaota dume kutokana na kokwa ambayo mtu aliitema tu mwezi wa Ramadhani. Hakuna aliyelipanda. Lilipotoa maua, bibi akaomba shada moja, na mwaka huo ndipo mtende wetu ulipozaa. Majirani wenyewe asili yao ilikuwa Adu, Wagiriama waliosilimu tangu enzi za babu yao. Tulisali nao msikiti mmoja na kuteka maji kisima kimoja.

Mimi nilipokuwa msichana mdogo, miaka ya themanini, siku ya kutia dume, yaani kuupelekea mtende ule unga, ilikuwa kama harusi. Bibi aliamka alfajiri akikanda mahamri, nyumba nzima ikanuka iliki. Kazi yangu ilikuwa kukuna nazi ya mbaazi, na mpaka leo nikisikia mbuzi ya nazi ikikwaruza huwa nahisi kuna sherehe mahali. Sinia likipambwa, nilipelekwa nalo kwa jirani. Lilirudi na shada la dume limefungwa kwenye leso safi, na nyuma yake alikuja kijana wao wa kiume, fundi seremala, amebeba ngazi begani.

Yeye ndiye aliyepanda. Mama mdogo, mtoto wa mwisho wa bibi, alisimama chini akimpa nyuzi za maua na ukili wa kufungia. Bibi alikaa kwenye kibao akitoa amri: "Polepole, msizivunje, huyo ni bi harusi!" Kijana akizikung'uta zile nyuzi, unga mweupe ulimwangukia mama mdogo kichwani na mabegani, naye hakujipangusa. Masika yakiisha na tende zikianza kuiva, kichala cha kwanza kilikwenda kwa jirani. Hilo bibi hakulisahau hata mwaka mmoja.

Shuleni, mwalimu wa sayansi alituchorea ua ubaoni, sehemu za kiume na za kike, akauliza ni nani hubeba chavua kutoka huku kwenda huku. Wenzangu wakataja nyuki, vipepeo, upepo. Mimi nikanyoosha mkono nikasema, "Mama mdogo na kijana wa jirani." Darasa lilicheka, na mwalimu mwenyewe akageukia ubao asionekane akicheka. Sikuelewa nilichokosea. Kumbe nilikuwa wa mwisho kujua.

Mwaka ule ule jirani, mama yake kijana, alikuja kumposea mwanawe mama mdogo. Alikuja na wanawake wawili watu wazima, wamevaa vizuri, wakaingia kwa adabu zote. Bibi aliwakaribisha kwa kahawa na halua. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia nachagua mchele, na mama mdogo alikuwa jikoni anakuna nazi. Bibi aliwasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa sauti yake ya upole, ile niliyokuwa naiogopa kuliko ya ukali:

"Ujirani wenu naupenda, wallahi. Lakini sisi tuna nasaba yetu, na nasaba hatuichanganyi."

Jikoni mbuzi ya nazi ikanyamaza. Jirani aliweka kikombe chini taratibu.

"Sawa, mama," akasema. "Basi na mtende wako uutafutie dume la nasaba yenu."

Walipotoka, nikaisikia mbuzi inaanza tena kukwaruza.

Msimu uliofuata bibi aliamka alfajiri, akakanda mahamri kama kwamba hakuna lililotokea, akanituma na sinia. Jirani alinipokea mlangoni, akaniuliza hali ya masomo, akanishika kichwa. Sinia nikarudi nalo likiwa limejaa, kawa halijafunuliwa. Bibi alilitazama, akasema tuweke chai. Tulikula yale mahamri sisi wenyewe, na hakuna aliyeyasifu.

Mwaka huo tende zilitoka ndogo, zimebanana tatu tatu pale ambapo ingekuwa moja, ndani hazina kokwa. Hazikuiva, zilisinyaa tu zikiwa na ukakasi. Bibi alizifuturia hivyo hivyo. "Tamu," alisema, akitafuna kwa shida, na mama mdogo akainuka akaenda kuosha vyombo.

Wachumba wa nasaba walikuja, na mama mdogo aliwakataa wote, mmoja baada ya mwingine, bila kugombana na mtu. Kijana alingoja, kisha akachoka, akaoa Ngomeni. Majirani wakauza kiwanja wakahamia Muyeye. Mgeni wa kutoka ng'ambo aliyekinunua alitaka bustani, na alipoambiwa ule mti kando ya bafu hauzai, akaamuru ukatwe. Sisi tulikuwa juu, kwenye sakafu ya paa, tunaanika nguo ulipoanguka. Mama mdogo alimaliza kuanika.

Bibi alifariki mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mama mdogo. Nampenda bibi yangu, na mahamri kama yake sijapata kuyala tena. Lakini sijamsamehe, na umri unavyosonga ndivyo hasira inavyozidi. Mti uliojiotea bafuni kwao haukututia kinyaa, matunda ya unga wake tulikula na kugawa. Mtoto wao ndiye tuliyemwona hafai. Leo ukuta wa yule mgeni umesimama pale palipokuwa na mlango wao, hakuna sinia linalokwenda wala kurudi, na watoto wa mtaa hawajui kwamba Mambrui kulikuwa na siku ya kutia dume.

Basi juzi nilibisha hodi, sauti ikaniitikia kutoka juu. Siku hizi kichwa cha mtende kimefika usawa wa sakafu ya paa, ngazi haihitajiki tena. Nilipanda nikamkuta mama mdogo, mvi tupu, kisu mkononi, anapasua karara. Alikuwa anazitenganisha nyuzi za maua moja moja kama alivyofundishwa, akiacha nafasi katikati, pale linapotiwa dume.

"Shikamoo, mamdogo."

"Marahaba, mwanangu."

Nilichuchumaa karibu yake. "Mamdogo, si dume lilikatwa zamani?"

"Lilikatwa. Nililiona likianguka." Akachukua ukili, akaanza kuzifunga zile nyuzi taratibu, asivunje hata uzi mmoja. "Mie najua. Mtende haujui."