Kikohozi Ndicho Nilichokileta

Kompyuta iliniita mtu asiyejulikana. Mimi! Niliyezaliwa Bugarama, nikaolewa Bugarama, nikazika mume Bugarama. Mimi ambaye hata mbuzi wa jirani wakiingia kwenye migomba yangu wanajua watapigwa na nani. Mashine iliyoletwa Kabanga juzi, imefungwa kwenye boksi kama mayai, ndiyo ikasema hainijui. Wajukuu wananiambia, bibi, andika ya miaka ile ya wakimbizi. Haya, naandika. Ya njaa na ya kugombania kuni wameshayasema wengine. Mimi naanza na kompyuta, maana mpaka leo nikiikumbuka damu inachemka.

Miaka ile nilikuwa na rafiki kambini. Mrundi, mjane kama mimi, mnene, mwepesi wa kutukana na mwepesi wa kusamehe. Tulianza kwa kubadilishana chakula: yeye analeta mafuta na unga wa mahindi ya njano waliogawiwa, mimi natoa ndizi na maharage. Kihangaza changu na Kirundi chake ni mtu na mdogo wake, kwa hiyo hatukuhitaji mkalimani wa kugombana. Alikuwa na mama yake, kikongwe aliyevuka mpaka kwa kubebwa mgongoni. Mwili ulikuwa umebaki kama ufito, lakini sauti! Tukikaa kupukuchua mahindi, wanawake wa kijiji na wa kambi pamoja, yeye anaanzisha wimbo na sisi tunaitikia, na hata wanaume waliokuwa wakipita na baiskeli walikuwa wanashuka.

Siku moja alikuja mgeni mwenye kinasa sauti, akaturekodi mchana kutwa. Baadaye akarudi na CD moja. Moja! Wanawake tumejaa uwanja, yeye CD moja, kama kuku mmoja kwa harusi nzima. Na juu yake ameandika kwa kalamu nene: Nyimbo za Wakimbizi. Nikamuuliza, mimi ni mkimbizi wa wapi? Nimekimbia nini, kuku wangu? Nusu ya sauti zilizomo ni za wenyeji. Akatabasamu. Watu wa namna ile ukiwagombeza wanatabasamu, unabaki na hasira yako mkononi hujui uitue wapi.

Mwaka uliofuata kikongwe akafa. Tukamzika huku huku. CD ikabaki, ikawa inalala kwangu kwa sababu mwanangu alikuwa na redio yenye mdomo wa CD, tunaiwasha kwa betri ya gari. Rafiki yangu alikuwa anakuja kuisikiliza. Nyimbo zenyewe alizijua zote, hakuwa na haja ya mashine kumkumbusha. Alichokuja kukisikiliza ni mwanzo. Kabla ya wimbo wa kwanza, kikongwe anakohoa. Anakohoa tena, chini chini, kama mtu aliye chumba cha pili. Halafu anasema, "Mumpe amazi." Nipeni maji. Kuna mtu anacheka, na anayecheka ni mimi. Ndipo wimbo unaanza. Rafiki yangu akisikia pale, mama yake anaomba maji, anafumba macho, na mimi naenda kuangalia chungu ambacho hakihitaji kuangaliwa.

Kisha yakaja maroli ya kuwarudisha kwao. Jina lake likasomwa. Akaja kwangu akakaa chini bila kusalimia.

"Kaburi halipandi roli," akasema.

"Halipandi," nikamjibu. "Lakini CD inapanda. Ichukue."

"Na wewe ubaki na nini? Kicheko chako kimo humo."

Nikaona ni kweli. Isitoshe, CD yenyewe ilikuwa imeshachubuka, inarukaruka kama chura. Ikifa njiani tumekosa sote wawili. Wakimbizi hawakuruhusiwa kwenda mbali na kambi, basi kesho yake nikamfunga kitenge changu, tukaenda Kabanga kama mtu na dada yake, na hakuna aliyetuuliza kitu.

Pale Kabanga, mpakani, karibu na wanapobadilisha fedha, alikuwepo bwana mmoja mwenye duka la kupiga picha na kompyuta inayoendeshwa na jenereta. Mtu mzima, kitambi ndiyo kinaanza, miwani kaiweka kichwani badala ya machoni. Alisomea kompyuta Mwanza, na hakuacha maji ya chai yachemke bila kukukumbusha.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Tunataka nyimbo hizi ziingie kwenye mashine yako zisipotee, halafu utupe CD nyingine kama hii."

"Rahisi tu. Naziingiza, halafu nachoma."

Rafiki yangu akainyakua CD mezani. "Hachomi mtu!"

"Mama, kuchoma maana yake ni kuandika. CD inachomwa."

"Nyumba yangu nayo ilichomwa," akasema. "Sikuona kilichoandikwa."

Yule bwana akaishusha miwani kichwani akaifuta. Nikamwambia, "Tafuta neno lingine." Akatafuta. "Nitanakili," akasema. Hapo CD ikarudi mezani. Akasoma yale maandishi ya kalamu nene, akatutazama.

"Kwani hapa mkimbizi ni yupi?"

"Una macho," nikasema. "Chagua."

Akatutazama viatu, akatutazama nyuso, akaninyooshea kidole mimi. Mimi! Rafiki yangu alicheka mpaka kitenge kikamlegea. "Karibu kambini, mugenzi, mwenzangu," akaniambia, "foleni ya unga iko upande ule."

Sikucheka. Nilimwambia bwana afanye kazi.

Kumbe kuingiza nyimbo kwenye kompyuta kuna programu nyingi, kila moja na tabia yake kama wakwe. Yeye alikuwa nazo tatu. Akaanza na ile iliyokuja na mashine, akaisifu kwamba ina mbio. Kweli ilikuwa na mbio. Kabla sijapata pa kukaa, imemaliza, na kwenye kioo kumetokea maandishi ya Kizungu mstari chini ya mstari.

"Inasemaje?"

"Inasema msanii hajulikani. Albamu haijulikani. Wimbo wa kwanza, wimbo wa pili, hivyo hivyo mpaka mwisho."

"Hajulikani na nani?"

"Bibi, hii programu inauliza majina kwenye intaneti. Isipoyakuta huko, inaandika hayajulikani."

"Na hiyo intaneti iko wapi?"

"Hapa bado haijafika."

"Haijafika yenyewe, halafu sisi ndio tusiojulikana?"

Akakuna shingo. Nikambana zaidi, ndipo akatoa na la pili: nyimbo zikiingizwa na programu ile, kwa jinsi alivyoiacha, zinafungwa. Zinalia kwenye mashine yake tu; ukizihamishia mashine nyingine zinagoma. Yaani koo ni langu, kicheko ni changu, lakini nikitaka kujisikia nifunge safari nikapige hodi dukani kwake! Nikamwambia afute, na afute nikiangalia.

Ya pili aliisifu kuliko ya kwanza. Hii, anasema, inasafisha. Inaondoa mikwaruzo, inaondoa kelele, inaondoa sehemu za kimya zisizo na kazi. Akatuweka mbele ya spika, akabonyeza, akakunja mikono kifuani kama mtu aliyechinja ng'ombe.

Wimbo ukaanza. Papo hapo. Bila kikohozi, bila maji, bila mimi.

Rafiki yangu, mwanamke mwenye tusi kwa kila mtu na kwa kila wakati, aliushika tu ukingo wa meza.

"Rudisha mwanzo," nikamwambia bwana.

"Ndiyo mwanzo huo, bibi. Mwanzoni kulikuwa na kimya na bibi mmoja anakohoa. Imesafishwa. Kikohozi hakipo tena."

"Kikohozi ndicho nilichokileta!"

Nadhani walinisikia hadi kwenye kizuizi cha mpakani. Wabadilisha fedha walikuja mlangoni wakidhani ameiba mtu. Nikawaambia naam, ameiba mtu, mpo mnamtazama. Kuna watu duniani wanadhani uzuri ni kufuta. Wanapaka chokaa ukuta ambao marehemu aliuegemea, wanakata mti kwa kuwa unaangusha majani, halafu wanataka washukuriwe. Na programu nayo imejifunza kwao. Nani aliiambia kwamba mama akiomba maji ni kimya kisicho na kazi?

"Ipo nyingine?" rafiki yangu akauliza, kwa sauti ndogo.

"Ipo. Lakini ni mbovu," akasema bwana. "Inachelewa. Kila penye mchubuko inarudia kusoma, inarudia, mpaka iridhike. Tena haiondoi kitu, inachukua kila kilichomo. Na majina lazima uandike mwenyewe kwa mkono. Siitumii. Inamaliza petroli yangu."

"Inachukua kila kilichomo, na inarudia mpaka iridhike," nikamwambia. "Halafu hiyo ndiyo unaiita mbovu?"

Akaiwasha huku akinung'unika. Na kweli ilichelewa. Ilisoma kama mtoto wa darasa la kwanza, inasimama, inarudi nyuma, inaanza tena. Jenereta inaguruma nje, yeye anatoka kuchungulia tangi, anarudi kanuna. Sisi tumekaa kwenye benchi ya wanaosubiri picha. Nami kusema kweli nikaipenda ile programu. Nilisoma hivyo hivyo mimi, miaka michache niliyopewa, kabla ya kuitwa kulea wadogo zangu.

Ilipomaliza, akaturudisha kwenye spika. Kikohozi. Kikohozi tena. "Mumpe amazi." Kicheko changu.

Rafiki yangu akafumba macho. Pale dukani hapakuwa na chungu cha kwenda kuangalia, basi nikatazama ukutani, picha za pasipoti za watu nisiowajua.

"Sasa majina," akasema bwana. "Niandike Kikundi cha Wanawake?"

"Kikundi hakikohoi. Anayekohoa ni mtu. Anza na kikongwe, halafu tuandike mmoja mmoja."

Tukamtajia wote, wa kijiji na wa kambi, wazima na waliokufa, na yeye anaandika anapumua kama anapanda mlima. Hapa siyaandiki, yana wenyewe. Yapo kule yalipotakiwa kuwa. Ile Nyimbo za Wakimbizi nikamwambia aiache papo hapo kwenye CD ya zamani. Tukaja kwenye majina ya nyimbo. Wimbo wa kwanza ulikuwa wa utani wa sufuria: wewe lete mafuta, mimi nilete ndizi, moto ni mmoja, kwa nini tule na huzuni. Sisi tuliuita Wimbo wa Kula. Nikautaja, akauandika. Nikaukagua kwenye kioo herufi kwa herufi, nikaona uko sawasawa.

Akatoa CD mbili, moja yangu na moja ya rafiki yangu, kila moja na karatasi yake ya jalada. Ile ya zamani rafiki yangu akaniachia. Maroli yakaondoka kesho yake. Sitayaeleza hayo.

Muda si mrefu, mwanamke anayevusha mawese kutoka Burundi akaniletea salamu na kisa. Upande wao, rafiki yangu alisimamishwa na askari wa kukagua mizigo. Akatoa sufuria, akatoa blanketi, akatoa CD. Askari akasoma jalada. Nchi yao ilikuwa katika pilikapilika za uchaguzi.

"Wimbo wa Kura? Unaleta kampeni, mama? Ya chama gani?"

"Cha sufuria," akamjibu.

"Imba nisikie."

Hapakuwa na redio, basi akasimama pale barabarani, mizigo imetapakaa, akaimba. Lakini hakuanza na wimbo. Mwenye mawese alisema alianza kwa kukohoa. Akakohoa tena. Akasema, "Mumpe amazi." Na askari, maskini, akadhani anaomba kweli, akamletea maji kwenye kikombe chake mwenyewe. Akayanywa yote, ndipo akaimba.

Nilivyosikia vile niliweka jembe chini nikaenda Kabanga moja kwa moja na jalada langu mkononi.

"Umeandika kura," nikamwambia yule bwana. "Ungemfungisha rafiki yangu. Mimi nilisema kura, kura ya chakula!"

"Bibi, hebu sema tena."

"Kura. Ya mdomoni."

"Umesikia ulivyosema?"

"Nimesikia. Nimesema kura. Wewe ukaandika kura."

Akajiinamia mezani anacheka. Watu husema sisi huku tunachanganya hizo herufi mbili, l na r. Hatuchanganyi sisi. Ni wao wanaozitenganisha, ndugu wa tumbo moja. Mimi niliutaja ipasavyo. Kama yeye alisikia vingine, hilo ni sikio lake, na amelisomesha mwenyewe huko Mwanza.

"Lete nirekebishe," akasema. "Nachapa jalada jipya sasa hivi, bure."

Nikampa. Akafungua mashine, akaupata ule mstari, akaweka kidole kwenye kitufe cha kufuta. Nikamkamata mkono.

"Acha."

"Si umekuja kunigombeza kwa ajili hiyo?"

"Nimeshakugombeza. Ya kwake huko imeandikwa hivyo hivyo. Utavuka kwenda kumrekebishia?"

"Siwezi."

"Basi na yangu usiiguse."

Nikachukua jalada langu nikarudi Bugarama. Limefifia sasa, lakini linasomeka.