Mawese ya Wiki ya Matanga

Mama alizikwa Jumanne. Mikungu ya michikichi ilikuwa imeshakatwa, imelundikwa nyuma ya nyumba, na matunda yake yakikaa sana mafuta yanakuwa makali kooni. Kesho yake asubuhi, wageni wa matanga wakiwa bado kwenye mikeka, baba akasimama akasema, "Tuchemshe."

Miaka yote mama ndiye aliyepika mawese. Baba alikuwa mtu wa shambani, wa kukwea na kukata. Siku ile aliwasha moto chini ya pipa, mimi nikatia maji na matunda, yalipolainika tukakamua kwa mashine ya mkono. Tulipofika kuyachemsha mafuta yenyewe, ili maji yaishe ndani yake, akaniuliza, "Mama yako alikuwa anajuaje kama yameiva?"

"Alikuwa anasikiliza. Yakiacha kelele, anatoa kuni."

Tukainama wote wawili juu ya sufuria, tukasikiliza. Nilidhani nitalia hapo. Sikulia. Nilihisi joto la moto usoni, basi.

Ijumaa nikapeleka mabidoni ya mafuta mjini Rumonge, kwenye duka la vyakula tulilokuwa tukiliuzia. Mwenye duka, mwanamke aliyetoka Uvira zamani, alifungua bidoni moja, akachovya kidole, akaonja.

"Ya leo iko muzuri sana. Umwambie mama, murakoze, asante sana."

"Nitamwambia," nikasema. Nikachukua mabidoni matupu, nikaondoka.

Nyumbani nilimweleza baba.

"Kumbe hajui?"

"Hajui."

"Na wewe hukumwambia."

"Mdomo haukufunguka, baba."

Wiki iliyofuata alivaa kanzu yake ya kwendea msikitini, tukaenda pamoja dukani. Alikuwa hajawahi kukanyaga pale. Alisimama kati ya magunia ya mchele na friji ya soda, akangoja wateja waishe.

"Mimi ni mume wa yule mama wa mawese," akasema. "Tumemzika. Yale mafuta uliyoyasifu tulipika mimi na huyu binti yangu."

Mwenye duka akakaa juu ya kreti. Akanishika mkono na hakuuachia upesi. Niliyaona machozi yake yakishuka, nikayatazama kama ninavyotazama mvua ikinyesha upande wa Kongo, ng'ambo ya ziwa.

"Mutaendelea kuleta?" akauliza baadaye, akijifuta kwa kitenge.

"Tutaleta," baba akajibu.

Na tumeleta, mpaka sasa. Siku hiyo tulirudi kwa njia ya ufukweni, baba akanunua ndagala wabichi, samaki wadogo wa ziwani. Niliwakaanga, tukala na ugali wa muhogo. Baba akasema chumvi imezidi. Nikaonja tena, nikaona kweli imezidi. Tukaendelea kula.